Kompyuta si Gunia la Viazi



Nimeshika kalamu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kusafirisha kompyuta ya mezani kwa motokaa. Shule zetu za huku milimani hupata mashine hizi kwa njia mbili: ama hununuliwa Kampala, ama hutolewa zawadi na wanafunzi wa zamani wanaofanya kazi huko. Kwa vyovyote mashine haina budi kusafiri. Kutoka Kampala mpaka Kabale ni zaidi ya kilometa 400, kwa njia ya Masaka na Mbarara, na kila mji mdogo una matuta yake barabarani. Ukiisha kuiacha lami, ingali imebaki njia ya udongo ya kupanda mpaka shuleni.

Sisi watu wa Kigezi tumezoea kupakia viazi. Gunia la viazi likirushwa ndani ya gari halilalamiki. Likifika sokoni viazi vitatu vimechubuka, na biashara inaendelea. Desturi hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia kwa kompyuta. Mashine hutiwa katika buti, juu yake huwekwa mfuko wa sukari, ubavuni hupigiliwa mabati, dereva huambiwa aende polepole, kisha watu hukaa wakingoja. Ikifika ikakataa kuwaka, husemwa kwamba ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mimi naona kwamba mashine nyingi husingiziwa, na kwamba kosa ni la mpakiaji.

Neno langu la kwanza si juu ya sanduku, bali juu ya kilichomo ndani yake. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza Uganda mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE wa mtaala huo ulifanywa mwaka 2024. Kwa utaratibu huo kazi za mwanafunzi za shuleni huhesabiwa asilimia 20 ya matokeo yake. Basi fikirini mwalimu ambaye ameziandika alama za darasa zima katika kompyuta moja tu, nayo mashine imeanza kusumbua, ikatiwa garini kupelekwa kwa fundi mjini. Katika buti hilo hamna kompyuta peke yake. Mna jasho la watoto wa watu. Kompyuta ikivunjika yaweza kununuliwa nyingine, lakini alama zikipotea hakuna duka liziuzalo.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kamba na blanketi, yafaa kila kilicho cha thamani kinakiliwe mahali pawili pengine. Nakala moja ibaki shuleni, katika kompyuta nyingine au katika diski ya nje, na nyingine iwekwe katika hifadhi ya intaneti, au katika flashi iliyofungiwa ofisini. Flashi hiyo isisafiri pamoja na mashine, maana gari likipinduka au likiibiwa, vyote viwili vitakwenda pamoja.

Mtu atauliza, kwani diski ni dhaifu kiasi gani? Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza yenye diski za namna hii. Hifadhi yake ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulikaribia tani moja, nayo iliweza kushika herufi milioni 5 tu. Diski ya leo hukaa katika kiganja cha mkono, lakini mwendo wake ni ule ule: sahani huzunguka, na kichwa cha kusomea huelea juu yake. Katika diski nyingi za kompyuta za mezani sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Mashine ikizimwa sawasawa, kichwa huondoka na kupumzika mahali pake, na hapo huweza kuvumilia mtikiso zaidi. Kwa sababu hiyo ni vibaya sana kuinua na kuhamisha kompyuta ingali inawaka. Diski za kisasa zisizo na sahani hazina kitu kizungukacho, na kwa mtikiso ni imara zaidi. Walakini hata hizo huibiwa, hulowa na kuungua. Shauri la nakala halibadiliki.

Sasa nije kwenye kufunga. Kwanza, zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha chomoa nyaya zote. Piga picha ya nyuma yake kwa simu kabla ya kuchomoa, au bandika karatasi penye kila waya, ili atakayeiunganisha asibahatishe. Usiache flashi au kidude chochote kimechomoza, maana kikigongwa huvunja tundu lake.

Pili, tazama vitu vizito vya ndani. Feni ya kupozea, pamoja na pande lake la chuma, hushikwa na skrubu au vibanio vichache, na mashine nyingine zina kadi nzito ya picha iliyochomekwa kama rafu ukutani. Kila tuta huivuta rafu hiyo chini. Kadi ikiwa nzito, itolewe na kufungwa peke yake katika mfuko wa kuzuia umeme tuli, na mwenye kuitoa aguse kwanza chuma cha sanduku. Isipotolewa, lazeni mashine kwa ubavu, upande wa ubao mkuu uwe chini. Hapo kadi na feni husimama kama miti shambani, hazining'inii. Sanduku lenye ubavu wa kioo, kioo kiwe juu.

Tatu, vaisha mashine nguo. Boksi lake la dukani na sponji zake ndiyo nguo bora, na tusiwe wepesi wa kulichoma. Kama halipo, blanketi zito au kipande cha godoro chatosha, na juu yake turubai la kuzuia vumbi na mvua. Skrini isafiri imesimama wima, uso wake umefunikwa kwa kitambaa laini na kuelekezwa kwenye mgongo wa kiti, wala kitu kisiegemezwe juu yake. Ile betri kubwa ya akiba, yaani UPS, ni nzito kama jiwe. Iwekwe sakafuni mbali na vingine, ikabanwe isitembee.

Nne, mahali pa kuweka. Wenzangu wa fizikia na wapige hesabu. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde. Mwendo huo ni sawa na wa kitu kilichoanguka kutoka kimo cha mita 10, yaani kutoka ghorofa ya tatu hivi. Gari likisimama ghafula kwa kugonga, mashine ya kilo 10 isiyofungwa haitasimama pamoja nalo. Itaendelea mbele kwa mwendo huo huo, na mbele yake mna vichwa vya watu. Kwa hiyo ilazwe juu ya kiti cha nyuma na kufungwa kwa mkanda wa usalama kama abiria, au ibanwe sawasawa ndani ya buti kwa mablanketi, pasiwe na nafasi ya kuteleza. Tena isiachwe juani ndani ya gari lililofungwa. Ikifika ikiwa baridi kutokana na usiku wa milimani, ikaingizwa katika chumba chenye joto na unyevu, isiwashwe mpaka ipate saa moja au mbili za kupumzika, maana umande hutanda hata juu ya chuma.

Wengine watasema kwamba hayo yote ni kazi ya dereva. Nami nasema hapana. Dereva ameajiriwa kuendesha gari, na mara nyingi hajui katika sanduku lile mna nini. Mzigo wa watu wote hauna mwenyewe. Ningependa kila kompyuta itokayo au iingiayo shuleni iwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, ambaye ameona nakala zimefanywa, ameona imefungwa, na ataipokea ikifika na kuijaribu mbele ya aliyeileta.

Wengine watasema wanafunzi wasiguse, wataharibu. Hapa ndipo ninapopingana nao zaidi. Mwanafunzi aliyekatazwa kugusa mashine shuleni ndiye karani wa kesho atakayeitupa katika buti. Afadhali ajifunze hapa, chini ya macho ya mwalimu, kuchomoa, kuandika, kufunga na kupakia. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji nusu saa na blanketi la kuazima.

Na ninyi wakubwa zetu wa Kampala, asanteni kwa moyo wenu. Mashine mnazotuletea ndizo tunazojifunzia. Lakini naomba msihesabu kwamba zawadi imekwisha kutolewa pale mnapompa kondakta wa basi sanduku na namba ya simu. Zawadi hutolewa siku inapowaka mbele ya darasa. Ikiwa hamna nafasi ya kuifunga sawasawa wiki hii, ikaeni nayo mpaka wiki ijayo, nasi tutangoja. Kungoja wiki moja ni kwepesi kuliko kuweka kabatini chuma kisichowaka, huku tukiona haya kumwambia aliyetupa.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye shauri lililo bora na aliandike katika toleo lijalo, tulisome sote.

Mwanafunzi wa S.5