KABLA YA KUMPELEKA KIJANA KWA SEREMALA, SHIKA KALAMU

Ushauri wa Bwana Shamba

Pengine utashangaa. Bwana Shamba anatafuta nini kwa seremala? Lakini mbao hutoka kwenye mti, na mti ni zao kama mahindi. Tena kijana anayejifunza ufundi ni mtoto wa mkulima. Basi tuzungumze.

Wakati fulani nilinunua kiti kijijini. Kilikuwa kizuri, kiking'aa kwa vanishi. Kiangazi kilipofika, miguu ilianza kucheza. Nilikirudisha kwa kijana aliyekitengeneza. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbao hizi ulizikausha muda gani?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Bwana Shamba, sikufundishwa kukausha. Nilikaa kwa fundi miaka 2. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchota maji na kupiga msasa." Kumbe baba yake aliuza ng'ombe ili kulipa ada.

Kijana huyo hakuwa mvivu. Kosa lilianza siku alipopelekwa. Baba na fundi walipatana bei tu. Hawakupatana kijana atajifunza nini. Ng'ombe mwingine aweza kupatikana. Miaka 2 ya kijana hairudi.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia kalamu yako. Kaa na fundi pamoja na kijana. Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Andikeni mambo haya:

1. Kijana atajifunza kwa muda gani.
2. Ada ni kiasi gani. Afadhali ilipwe kidogo kidogo, kadiri kijana anavyojifunza.
3. Nani atatoa chakula, na nani atatoa zana.
4. Kijana atafundishwa kazi zipi.
5. Kila baada ya miezi 3 kijana ataonyesha kitu alichotengeneza kwa mkono wake.

Wote mtie sahihi. Kila upande ubaki na nakala yake.

Je, kazi zipi zisikose katika mapatano hayo? Ya kwanza ni kunoa. Randa butu huchana mbao, na patasi butu huteleza ikamkata mtu. Ya pili ni kupima. Mbao ikikatwa fupi, hairefuki tena. Ya tatu ni kuunga. Ulimi wa kipande kimoja uingie na kukaza katika tundu la kipande kingine. Kiti cha misumari mitupu hakidumu. Ya nne ni hesabu. Kijana ajue gharama ya mbao, gundi na msasa kabla ya kutaja bei kwa mteja.

Ya tano ni kukausha mbao. Hapo ndipo kiti changu kilipoharibika. Wewe mkulima utaelewa upesi. Huweki mahindi mabichi ghalani, maana yataoza. Mbao mbichi nayo ina maji mengi. Inapokauka husinyaa. Haipungui sana kwa urefu, bali hupungua kwa upana na unene. Ukiunga kiti kwa mbao mbichi, ulimi utasinyaa ndani ya tundu na kiungo kitalegea.

Panga mbao kivulini, juu ya magogo, zisiguse ardhi. Kati ya safu na safu weka vijiti vyenye unene ulio sawa, ili hewa ipite. Ziezeke zisinyeshewe. Usizianike juani, maana zitapasuka na kupinda.

Utajuaje kwamba zimekauka? Chukua kipande kimoja. Kipime katika mizani, uandike uzito. Kipime tena baada ya wiki 1. Uzito ukipungua, maji bado yanatoka. Ngoja. Uzito ukikaa pale pale kwa wiki kadhaa, mbao ziko tayari. Mti mgumu kama mninga hukauka polepole kuliko msonobari.

Sasa neno kwa kijana. Kufagia karakana si aibu. Fundi naye ana haki yake. Mwanafunzi akiharibu mbao au akivunja msumeno, hasara ni ya fundi. Basi wahi kazini, tunza zana, na uliza unapokuwa hujaelewa. Nunua daftari. Kila jioni andika jambo 1 ulilojifunza. Wiki ikipita bila jambo la kuandika, zungumza na fundi kwa adabu. Asipokusikia, mwambie mzazi wako alete yale mapatano.

Ukishaiva, usiishie hapo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. VETA huwapima pia watu waliojifunza ufundi wakiwa kazini. Anayefaulu hupewa cheti. Ulizia katika chuo cha VETA kilicho karibu nawe.

Mapatano ya mdomo husahaulika. Yaliyoandikwa hukumbusha pande zote mbili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kiti cha mbao mbichi hulegea?
2. Katika kijiji chenu, vijana wanaokwenda kwa mafundi huandikiana mapatano?
3. Andikeni pamoja mapatano ya mfano kati ya mzazi, kijana na fundi.