Hofu Baada ya Kipimo cha Choo Nayo Yahitaji Tiba

Kipimo cha kutafuta damu iliyofichika kwenye choo ni chepesi: huhitaji sampuli ndogo tu ya haja kubwa, na hakina maumivu. Ugumu huanza pale majibu yanapoonyesha kwamba damu imeonekana. Mtu aliyekwenda hospitali akijiona mzima hurudi nyumbani na neno moja tu kichwani: saratani. Usingizi humpaa, chakula hakipiti, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la sitara, huona haya kumweleza hata mwenzi wake.

Kumwambia mtu huyo "usijali" hakumsaidii. Kinachopunguza hofu ni maelezo ya kweli. Kipimo hiki hakitambui saratani, hutambua damu. Damu hiyo yaweza kutoka kwenye bawasiri, mchubuko wa njia ya haja kubwa, maambukizi ya amiba, au vinyama vidogo vya utumbo mpana viitwavyo polipi. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo nacho ni sababu inayofahamika. Katika nchi zenye mpango wa kuwapima watu wote wa umri fulani, wengi wa wanaokutwa na damu hawana saratani. Hata hivyo mgonjwa asifichwe kwamba wachache wanayo, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuendelea na uchunguzi.

Hofu isipopata maelezo, hutafuta njia ya mkato. Wapo wanaorudia kipimo cha choo katika maabara nyingine wakitumaini jibu zuri, ilhali damu hutoka kwa vipindi, na kutoonekana kwake mara ya pili hakufuti kuonekana mara ya kwanza. Wapo wanaopewa dawa ya bawasiri bila kuchunguzwa, na wapo wanaonyamaza tu. Wote hao hukosa kolonoskopi, kipimo ambacho daktari hukagua utumbo mpana kwa mrija mwembamba wenye kamera. Polipi ikionekana, mara nyingi huondolewa papo hapo. Nyingi hazigeuki saratani, na zinazogeuka kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi. Kuiondoa mapema ni kuukinga ugonjwa usitokee.

Kungoja zamu nako huwatesa wengi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watu zaidi ya 70,000 waliokutwa na damu kwenye choo, haukuona ongezeko la maana la saratani kwa waliofanyiwa kolonoskopi ndani ya miezi 9, wakilinganishwa na waliofanyiwa ndani ya mwezi mmoja. Hatari ilionekana kuongezeka kwa waliochelewa miezi 10 na zaidi. Kwa hiyo wiki chache za kusubiri si balaa. Kutokwenda kabisa ndiko kwa kuogopwa. Lakini anayeona damu kwa macho, anayekonda bila sababu, mwenye upungufu wa damu au ambaye tumbo limefunga, asingoje tarehe. Arudi hospitali mapema.

Kutokana na hayo, majibu ya kipimo hiki hayafai kutolewa dirishani kwa karatasi iliyokunjwa. Mtoa huduma akae na mgonjwa faragha, amweleze maana yake, kisha amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alivyoelewa. Asimruhusu kuondoka kabla hajajua atapimwa wapi, lini, kwa gharama gani, na ampigie nani simu akikwama. Watasema foleni ni ndefu na muda hautoshi. Lakini dakika 10 za maelezo ni chache kuliko muda utakaohitajika kumhudumia mgonjwa yuleyule akirudi na ugonjwa uliokwisha kuenea.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Amchague mtu mmoja anayemwamini na kumweleza. Aandike maswali yake kabla ya kuonana na daktari. Aendelee na kazi na ibada zake, wala asifanye kila ujumbe unaosambazwa kwenye simu kuwa elimu. Hofu ikizidi hata ashindwe kulala au kula kwa siku nyingi, aseme, kwa kuwa nayo ina msaada wake hospitalini. Na siku ya kolonoskopi ikifika, aende, ikiwezekana na mtu wa kumsindikiza.