Kurekodi Huku Tukitazama: King'amuzi cha Vipokezi Viwili

Huku kwetu Shinyanga mvua zimeanza kunyesha na dishi zimeanza kukoroma.

Mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja wa Kahama, mwenye watoto watatu. Mume wake anafanya kazi ya zamu mgodini. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kimegawana fedha za mwaka, naye amekusudia kununua mabati ya jiko, kwa sababu mvua inamnyeshea akiwa anapika. Mume wake anaomba fedha hizo zinunue king'amuzi cha setilaiti chenye kurekodi vipindi viwili kwa mpigo. Mama anaandika: "Ninamwambia hiyo ni anasa. Yeye anajibu kwamba anakosa kila kitu. Je, nani ana haki? Na nikikubali, nichague kipi nisije nikadanganywa dukani?"

Tumeisoma barua hii mara mbili. Mara ya kwanza tulicheka kidogo, tukasema wanaume na mpira wao. Mara ya pili tukaona kwamba baba huyu hakutaja mpira. Alisema anakosa. Basi tuanze na kifaa chenyewe, halafu tutarudi kwake.

Wengi wetu tuliolelewa Tanzania Bara tulikua bila televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini kwetu Bara vituo vilianza mwaka 1994. Nyumba iliyokuwa na seti na deki ya kanda ilijaa majirani hadi dirishani. Deki ile ilikuwa na jambo moja ambalo hatukulitambua: iliweza kurekodi kituo kimoja huku sisi tukitazama kingine. Iliwezekana kwa sababu deki ilikuwa na kipokezi chake cha ndani, na televisheni ilikuwa na chake. Jumla vipokezi viwili.

Kisha vikaja ving'amuzi. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya zamani ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine, Mwanza ikiwemo, ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo televisheni zetu nyingi zimekuwa kioo tu. Anayepokea mawimbi ni king'amuzi. Kama ndani yake kuna kipokezi kimoja, ambacho mafundi hukiita tyuna, nyumba nzima inatazama kituo kimoja, na kwa kawaida kinachorekodiwa ni kile kile kinachotazamwa.

Somo hili tulilipata kwa uchungu. Mwezi Machi 2021 Rais John Pombe Magufuli alifariki, akazikwa tarehe 26 nyumbani kwake Chato, mkoani Geita. Mama mkwe wetu ana asili ya upande huo. Siku ile alikuwa amelazwa, na sisi tulikuwa zamu wodini. Alitushika mkono akasema, "Mwanangu, niwekee nitakuja kuona." Tukamwahidi. Nyumbani tulikuwa na king'amuzi chenye tundu la flashi, kikiandikwa kwenye boksi kwamba kinarekodi. Baba watoto akakitega asubuhi, akaenda kazini. Saa nne hivi watoto wakachoka kuona maombolezo, wakashika rimoti, wakaweka katuni. Tuliporudi jioni tulikuta dakika kumi na moja za watu waliosimama wakisubiri, basi. Kituo kilipobadilishwa, kurekodi kulikoma.

Mama aliporudi nyumbani aliuliza. Tukamweleza ukweli. Hakukasirika, alisema tu, "Mjukuu ni mjukuu." Kabla ya mwaka kwisha naye alitutoka. Sehemu fupi za mazishi yale ziko katika simu za watu wengi, na tungeweza kumtafutia. Lakini yeye alitaka kukaa kwenye kiti chake aone yote tangu mwanzo, nasi tulikuwa tumeahidi. Hatuwalaumu watoto. Sisi wakubwa ndio tulionunua kifaa tusichokielewa.

Kwa hiyo, mama wa Kahama, ukiingia dukani uliza maswali haya, na usitoke mpaka umejibiwa.

Swali la kwanza: kina vipokezi vingapi? Usiulize kama kinarekodi, kwa maana karibu vyote siku hizi vinarekodi. Neno kwamba kiko tayari kwa kurekodi mara nyingi maana yake ni kwamba ulete flashi au diski yako, na kipokezi ni kimoja. Kijaribu pale pale: mwambie muuzaji aanze kurekodi kituo kimoja, kisha ahamie kituo kingine kabisa. Kikikataa, au kikikuuliza kama unataka kuacha kurekodi, kirudishe rafuni. Vifaa vya kurekodi kwa diski vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1999. Uingereza ilipata Sky+ mwaka 2001, kikiwa na vipokezi viwili tangu mwanzo. Kwetu Afrika, DStv walitoa cha kwanza mwaka 2005, wakaleta Explora mwaka 2013. Kwa hiyo si jambo geni, na muuzaji asikuambie kwamba hajawahi kulisikia.

Swali la pili: nyaya ngapi zitashuka kutoka kwenye dishi? Hapa ndipo akina mama wengi huponzwa na mafundi wa haraka haraka. Setilaiti hurusha mawimbi ya namna mbili, ya wima na ya mlalo. King'amuzi hukiambia kile kichwa cha mbele ya dishi, yaani LNB, kishushe yapi, kwa kukipelekea umeme wa volti 13 au 18. Waya mmoja wa kawaida hauwezi kupeleka maagizo mawili yanayopingana. Ndiyo maana king'amuzi cha vipokezi viwili huhitaji LNB yenye matundu mawili na nyaya mbili, au LNB ya aina maalumu iliyotengenezwa kuhudumia vipokezi kadhaa kwa waya mmoja. Fundi akikuambia atagawa waya mmoja kwa kigawanyio cha bei rahisi, mwambie asubiri. Utakuwa umelipia vipokezi viwili ukatumia kimoja, na vituo vingine vitatoweka kila mwenzake anapofunguliwa. Gharama ya LNB, waya na fundi iulizwe kabla, iingizwe kwenye hesabu.

Swali la tatu: diski ina ukubwa gani? Saa moja ya picha ya kawaida huchukua kama gigabaiti 1 hadi 2. Picha ile angavu sana huchukua kama 3 hadi 4, na pengine zaidi. Diski ya gigabaiti 500 basi inaweza kukaa saa zaidi ya 100 za picha angavu. Kwa nyumba ya kawaida hizo ni nyingi. Usiongeze fedha kwa ajili ya diski kubwa zaidi ambayo itajaa vitu ambavyo hakuna atakayevitazama.

Swali la nne: kilichorekodiwa ni cha nani? Katika ving'amuzi vingi vya kulipia, kipindi kilichorekodiwa hufungwa kwa kufuli la siri, hakichezi mahali pengine isipokuwa kwenye king'amuzi kile kile. Vingine vinataka ada ya ziada kila mwezi kwa ajili ya huduma ya kurekodi, na kifurushi kikiisha, hata ulivyokwisha kurekodi vinaweza kukataa kufunguka. Usirekodi harusi ya ndugu iliyoonyeshwa kwenye televisheni ukadhani umeweka kumbukumbu ya wajukuu. Kifaa kikiharibika, vyote huenda nacho.

Swali la tano ni la umeme. Ili kirekodi usiku umelala, king'amuzi lazima kibaki kwenye umeme. Kifaa kinachokula wati 20 mchana na usiku hutumia uniti 14 na nusu hivi kwa mwezi. Wale wenye bei ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, wapige hesabu wasije wakavuka. Tena Luku ikiisha saa mbili usiku, na kurekodi kumekwisha. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, diski nayo inaweza kuumia, kwa sababu ndani yake kuna sahani inayozunguka kwa kasi. Stabilaiza nzuri ni sehemu ya bei ya kifaa, isihesabiwe kama nyongeza.

Hatuwezi kuacha kutaja radi. Ukanda wetu wa Ziwa unapigwa na radi sana. Mwaka 2018 radi iliua wanafunzi shuleni mkoani Geita. Mawingu yakikusanyika, msiishie kuzima kwa rimoti. Chomoeni plagi ya ukutani na nyaya za dishi pia, mapema, kabla ngurumo hazijakaribia. Zikishakaribia, acheni kifaa kiungue, msikiguse. Mvua kubwa pia hufifisha mawimbi ya dishi, na kipindi kilichorekodiwa wakati wa dhoruba kitakuwa na vipande vilivyokatika. Hilo hata king'amuzi cha vipokezi kumi hakiliponyi.

Sasa turudi sebuleni. Sisi tulio wauguzi tunakutana na watoto wanaosinzia darasani, mama akidhani ni minyoo, kumbe ni tamthilia ya saa tatu usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya miaka 2 asiwekewe kabisa. Kurekodi kunaweza kusaidia hapa: tamthilia irekodiwe, watoto walale, itazamwe Jumamosi mchana. Lakini kunaweza pia kuharibu, kwa sababu vilivyorekodiwa havina mwisho. Zamani kituo kilifunga, sote tukalala. Diski haifungi. Nyumba isiyokuwa na utaratibu ikinunua kifaa hiki itakuwa imeongeza kuni kwenye moto.

Kuna jambo jingine la kupima. Siku hizi vituo vingi huweka taarifa za habari na vipindi vyao kwenye intaneti, na ibada nyingi pia. Kama unachokosa ni habari ya saa mbili, bando dogo la simu linatosha. Kifaa cha vipokezi viwili kina maana pale ambapo watu wawili wa nyumba moja, wenye televisheni moja, hugongana saa ile ile mara kwa mara, na kifurushi cha kila mwezi tayari kinalipwa bila kukopa. Chukueni daftari, andikeni kwa wiki mbili kila mnapogombania rimoti, na kipindi gani. Kama ni mara moja kwa wiki, zungumzeni, msinunue. Kama ni karibu kila jioni, mna sababu.

Dada yetu wa Kahama, mabati kwanza. Mama anayepika akinyeshewa, moshi ukimrudi machoni na mtoto mgongoni, hilo ni jambo la afya, wala halisubiri. Mwambie mume wako hivyo kwa upole, usimwambie kwamba anapenda anasa. Mtu anayeingia mgodini watoto wamelala na kutoka wamekwenda shule anakosa kweli. Anakosa kicheko chao wanapotazama pamoja, anakosa kuulizwa "Baba, umeona?" Hilo ndilo analotaka kununua, ila amelipa jina la king'amuzi.

Basi wakati mabati yanapigiliwa, anzeni na mlicho nacho. Kama king'amuzi chenu kinapokea flashi, rekodini kipindi kimoja ambacho watoto wanakipenda, rimoti ifichwe mpaka kiishe, na siku yake ya mapumziko mketi wote mkitazame. Mgawo wa mwakani ukija, naye akiwa bado anataka vipokezi viwili, nenda naye dukani ukiwa na maswali haya matano mkononi.

Kwetu nyumbani tulinunua mwaka juzi, baada ya daftari la wiki mbili kutuonyesha kugongana mara tisa. Nyaya ni mbili, LNB ni ya matundu mawili, fundi tulimsimamia. Watoto wamekua, na yule aliyeweka katuni siku ile ndiye anayetega kurekodi siku hizi. Hutega, kisha hurudi tena kuhakikisha kitaa chekundu kinawaka. Hatujamwambia afanye hivyo.

Tunangojea barua zenu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya majiko yanayopunguza moshi.