Seli moja kati ya laki moja si anasa

Kuna hoja iliyochapishwa kwamba kusaka mabaki machache ya seli za lukemia ni anasa ya maabara: ugonjwa usipoonekana tena kwa hadubini inatosha, na fedha ziende kwenye dawa. Hoja hiyo inakosea pale pale inapoanzia.

Hadubini huona kidogo mno. Mgonjwa mwenye seli changa za saratani chini ya asilimia 5 kwenye uboho huweza kuhesabiwa kuwa ametulia, ilhali mwilini huenda zimebaki mabilioni. Kipimo cha PCR, kinachorudufu alama ya jeni mpaka isomeke, kinaweza kunasa seli moja kati ya 100,000.

Na fedha za dawa? Jaribio la STIM nchini Ufaransa, lililotoa matokeo mwaka 2010, liliwahusu wagonjwa 100 wa lukemia sugu ya mieloidi ambao PCR haikuona kwao BCR-ABL, alama ya jeni ya lukemia hiyo, kwa angalau miaka 2. Waliacha imatinibu, dawa yao ya lukemia hiyo. Mwaka mmoja baadaye, takribani 4 kati ya 10 walikuwa bado salama bila dawa. Waliorudiwa na ugonjwa waligunduliwa kwa kipimo hichohicho, na matibabu yakawafaa tena.

Bila kipimo, nani angethubutu kuwaachisha dawa?

Wala teknolojia haiko mbali. Mashine ya GeneXpert, inayopima kifua kikuu Afrika Mashariki, ina pia katriji ya BCR-ABL. Wanaopanga bajeti ya imatinibu waiweke katriji hiyo kwenye orodha ileile.