Ada Imefutwa, Sasa Mtoto wa Mweru Abaki Darasani

Rais Hakainde Hichilema alipomteua Douglas Syakalima kuwa Waziri wa Elimu wa Zambia mwezi Septemba 2021, aliyepewa wizara hiyo alikuwa mbunge wa mpakani. Jimbo lake la Chirundu liko kando ya mto Zambezi, ng'ambo ya Zimbabwe. Hapo ndipo kilipozinduliwa, Desemba 2009, kituo cha pamoja cha mpakani ambapo mzigo hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Kabla ya uteuzi huo alikuwa upande wa upinzani bungeni, kwa tiketi ya UPND.

Kipaumbele chake cha kwanza kilijulikana mapema. Kuanzia Januari 2022, ada katika shule za umma zilifutwa hadi mwisho wa sekondari. Tangu 2002 masomo ya msingi, darasa la 1 hadi la 7, yalikuwa bila ada. Mzigo ulikuwa juu ya hapo, na ndipo watoto wengi walipoishia njiani. Mwaka huohuo wa 2022 serikali iliajiri walimu 30,496 kwa mkupuo. Kwa hesabu za serikali yenyewe, watoto zaidi ya milioni 2 wameingia au wamerudi shuleni tangu hapo.

Kwa Nchelenge hilo si jambo dogo. Mama anayenunua chisense, dagaa wa ziwa Mweru, kwa wavuvi wa Kashikishi na kuipeleka Copperbelt hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ada ilikuwa ikitoka kwenye mtaji uleule wa kununulia mzigo. Leo mtaji huo unabaki kwenye biashara, na sifa anayostahili waziri apewe.

Hata hivyo, kalenda mbili zinagongana katika mwambao huu. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ni sheria yenye faida, kwani bila samaki hakuna soko. Lakini shule hufunguliwa Januari. Sare, viatu, madaftari na malipo ya bweni, ambayo hayakufutwa pamoja na ada, vyote vinadaiwa katika miezi ambayo nyavu ziko juu na vibanda havina kitu. Mtoto wa Lusaka haathiriki na hilo. Mtoto wa Kashikishi, au wa kisiwa cha Kilwa, huanza mwaka akiwa nyuma. Machi, uvuvi unapofunguliwa na kambi kujaa watu tena, kuna kazi ya kuanika na kupakia inayomngoja, na aliyekwisha kuachwa na darasa hashawishiki kwa shida.

Dawa ipo ndani ya uwezo wa serikali hiyohiyo. Mfuko wa maendeleo ya jimbo, ambao wengi huuita CDF, ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo mwaka 2022, na kufikia milioni 36.1 mwaka 2025. Sehemu yake hutengwa kwa ajili ya wanafunzi wa bweni na mafunzo ya ufundi. Kwa majimbo ya wavuvi, orodha ya watakaosaidiwa ikamilike kabla ya Desemba, na fedha zifike shuleni siku mlango unapofunguliwa. Wakuu wa shule nao wapewe maelekezo ya wazi kwamba hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya sare wakati ziwa limefungwa.

Jambo la pili ni lugha. Kibemba ni moja ya lugha 7 za Zambia zinazofundishwa shuleni, na mtoto wa Nchelenge anakijua. Lakini mteja aliye ng'ambo, Pweto na Kilwa ya Kongo, hupatana bei kwa Kiswahili, na makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyoanzishwa wilayani humo mwaka 2018, yana familia nyingi zinazoongea lugha hiyo. SADC iliipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2019. Waziri aliyetoka jimbo la mpakani anaelewa faida ya kijana anayeweza kusoma risiti na kujadili bei pande zote mbili. Shule za mwambao ndizo za kuanza nazo.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Oktoba na Novemba, samaki wakiwa bado wapo, fungu la Januari litengwe kabla ya mzigo wa mwisho kununuliwa. Vikundi vya kuweka na kukopa viwe na sanduku la shule peke yake. Kamati ya maendeleo ya kata inapokaa kupitia majina ya wanafunzi, kina mama wa sokoni wawepo, kwa sababu jina lisilopelekwa halisaidiwi. Na mtoto asiachiwe kibanda siku ya masomo kwa kisingizio kwamba ni siku moja tu.

Samaki mkunje angali mbichi. Ada ilikuwa kizuizi kikubwa na kimeondolewa. Kilichobaki ni miezi mitatu ya ukame wa fedha kila mwaka. Waziri akiitazama Januari ya Nchelenge kama anavyoitazama Januari ya Lusaka, hesabu ya watoto walioingia shuleni itakuwa pia hesabu ya waliomaliza.