Paneli nzima kwa ajili ya balbu moja?

SAFU YA KIZITO
Na Hamisi Kizito

Mwambie fundi wa Ndeeba kwamba taa ya swichi za hita imeungua, kwanza atacheka. Hita ya nini Kampala, ssebo? Akishacheka atakushauri ukanunue paneli nzima iliyotumika, "kompliti", pale Kisekka.

Sikubaliani naye kote kuwili.

Swichi hizo Wajapani waliziweka kwa ajili ya theluji yao, lakini kwetu kazi yake kubwa ni kioo cha mbele. Mvua ya Novemba ikukute Barabara ya Entebbe saa moja usiku, mko wanne garini, mmelowa, madirisha yamefungwa. Mvua inakipoza kioo kwa nje, pumzi na nguo mbichi zinakitia ukungu kwa ndani, na punde huioni hata boda iliyo mbele yako, ambayo nayo taa ya nyuma haina. Dawa inajulikana: elekeza upepo kwenye kioo, washa AC ikaushe hewa, ruhusu hewa ya nje iingie badala ya kuzungusha ileile. Ni swichi tatu, na zote uzipapase gizani? Wengi huona heri kitambaa: mkono mmoja unafuta kioo, mwingine umeshika usukani, jicho halijui liangalie wapi.

Kuhusu hiyo kompliti, sheria ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kenya mwisho ni miaka 8. Kwa hiyo mengi tunayonunua yalishazeeka kabla hayajafika bandarini, na balbu za dashibodi zimewaka kila usiku wa miaka hiyo yote. Paneli ya Kisekka nayo imetoka kwenye gari la rika hilohilo. Unalipia balbu nyingine iliyo njiani kufa.

Balbu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya harage, ya volti 12, mara nyingi wati 1.2 tu. Iliyoungua utaijua kwa kioo chake kilichoingia weusi. Katika Toyota nyingi za zamani fundi anachomoa waya hasi wa betri, anabandua fremu ya plastiki taratibu, anatoa redio, anafungua skrubu chache, kisha anazungusha kishikio cha balbu robo mzunguko. Kama balbu ina kofia ya mpira ya kijani, ihamishiwe kwenye mpya, la sivyo rangi ya mwanga itabadilika. Na zibadilishwe zote kwa pamoja, maana zina umri mmoja.

Fundi naye ana hoja. Sisi wateja tunalipia spea bila kununa, lakini tukitajiwa ufundi wa saa nzima kwa kitu kidogo vile, tunang'aka. Atakosaje kusukuma kompliti, wakati faida yake iko humo? Mimi nasema patana naye ufundi kwanza, tena umpe hela ya maana, balbu ununue mwenyewe.

Ukichagua za LED, hakikisha anawasha taa ndogo kabla hajarudisha hata skrubu moja. Zina chanya na hasi; ikikataa kuwaka, aigeuze kwanza.