Mikono Haikuumbwa kwa Kusaini Tu

Wapo waungwana wastaafu, wa rika langu, ambao mpira wa kushikia fimbo ya gofu ukianza kuteleza, huitupa fimbo stoo na kumwagiza mtoto aliye ng'ambo awaletee nyingine. Wengine huipeleka kwa fundi, huiacha huko wiki mbili, hulipa bei yoyote wanayotajiwa, kisha hujisifu kwamba wana fundi wao. Ukiwauliza kwa nini hawakuifanya kazi hiyo wenyewe, hukutazama kana kwamba umewatukana. "Mwalimu, sisi ni watu wa kalamu." Jibu hilo nasema ni aibu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana watu huogopa wasichokijua. Fimbo ya gofu ina sehemu tatu tu: kichwa, ufito, na mpira wa kushikia. Anayeanza aanze na mpira. Funga ufito kwenye jiliwa, ukiuzungushia kipande cha mpira au kitambaa kinene usibonyee. Chana mpira wa zamani kwa kisu, ukikielekeza mbali na mwili wako. Na kama ufito ni wa nyuzi za kaboni, chana juujuu, kwa sababu jeraha dogo kwenye kaboni huwa ufa kesho. Bandua utepe wa zamani wote. Bandika mpya, ule wenye gundi pande zote mbili, na uache kipande kidogo cha kukunjia ndani ya mdomo wa ufito. Ziba kwa kidole tundu lililo kwenye kitako cha mpira mpya, mimina tapentaini ndani, itikise, kisha imwage juu ya utepe. Hapo sukuma mpira kwa mkupuo mmoja hadi mwisho, unyooshe mistari yake, uache ukauke usiku kucha. Fungua madirisha, na moto usiwe karibu. Ndiyo kazi yote hiyo. Mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Hatua ya pili ni uzito na urefu. Utepe wa risasi wa gramu 4 au 6, ukibandikwa nyuma ya kichwa, hukifanya kichwa kihisike kizito zaidi mkononi. Ukikata nusu inchi kwenye ncha ya kushikia, kichwa kitahisika chepesi. Basi kata kidogo, ujaribu uwanjani, ndipo uamue kukata tena. Hatua ya tatu ni kichwa kilicholegea. Safisha tundu la shingo, kwangua ncha ya ufito kwa msasa, changanya sawasawa gundi ile ya mirija miwili, na usiiguse fimbo kwa saa 24. Hapa sitaki mzaha: kichwa kinachochomoka hewani huweza kumtoa mtu jicho.

Sasa nijibu hoja zao. Wanasema hii ni kazi ya wataalamu. Nani aliwaambia? Gene Sarazen, Mmarekani aliyeanza utotoni kwa kubebea wachezaji mikoba, alichukua lehemu akaunenepesha ukingo wa chini wa fimbo yake ya chuma, ili isizame mchangani. Kwa fimbo hiyo alishinda mashindano ya Open ya Uingereza mwaka 1932, na leo hakuna mkoba wa gofu usiokuwa na fimbo ya mchanga. Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway na mtoto wa fundi viatu, alikuwa mhandisi mwajiriwa asiyeridhika na fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni. Mwaka 1959 alitengeneza ya kwake katika gereji ya nyumbani California. Ililia "ping" ilipogonga mpira, na mlio huo ukawa jina la kampuni. Hawakungoja kuitwa wataalamu ndipo washike tupa.

Wanasema pia sheria zinakataza. La hasha. Sheria hukataza kubadili makusudi namna fimbo inavyofanya kazi wakati raundi inaendelea, na huweka mipaka ya umbo na urefu. Jioni, mezani kwako, hakuna anayekukataza kurekebisha fimbo ndani ya mipaka hiyo.

Hoja ya tatu ni kwamba tunawanyang'anya mafundi riziki. Kinyume chake! Anayemdharau fundi ni yule asiyewahi kushika jiliwa. Aliyejaribu hujua pa kukomea: hatajipindia shingo ya chuma cha kumimina kwa nyundo, maana huvunjika, bali atampelekea mwenye mashine na ujuzi, na atamlipa bila kunung'unika kwa sababu anajua analipia nini.

Lakini ugomvi wangu hasa hauko kwenye gofu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alituandikia Elimu ya Kujitegemea, akitaka kichwa na mikono visome pamoja. Katika shule nyingi tulifanya nini? Aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alipelekwa kufyeka. Tukamfundisha mtoto, bila kuandika neno ubaoni, kwamba kazi ya mikono ni adhabu na kwamba aliyefaulu husamehewa. Mtoto huyo amekuwa mkurugenzi, amestaafu, na leo anashindwa na kipande cha mpira. Hakuzaliwa hivyo. Shule ndiyo iliyomfunza.

Na hasara haimwangukii yeye peke yake. Vijana wanaobeba mikoba viwanjani, ambao baadhi yao hucheza vizuri kuliko mabwana zao, hawana uwezo wa kununua fimbo. Stoo zetu zimejaa fimbo ambazo hazina kasoro ila mpira uliochakaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaacha ufa, tunanunua nyumba nyingine, na jirani analala nje.

Basi mstaafu mwenzangu, toa fimbo moja stoo, iliyo mbovu kuliko zote. Mwite mjukuu ashike upande mmoja. Ikiisha kutengenea, mpe kijana anayekubebea mkoba. Mjukuu akikuona na tapentaini mikononi, atajua kwamba babu yake hajaadhibiwa na mtu.